Nilisema Iko Njiani, Kitabu Kiko Sebuleni

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi ya kuuma masikio. Tangu adhuhuri mawingu yamekaa juu ya Menengai, hayataki kunyesha na hayataki kuondoka.

Shajara yangu, nina jambo la kuungama na nimelikwepa tangu jana. Nimefagia nyumba mara mbili. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nimepanga upya vitabu vyote vya Biolojia kwa rangi ya majalada, jambo ambalo halimsaidii mtu yeyote. Mume wangu, Twaha, amenitazama akinywa chai yake, akasema, "Mama Swabra, wewe ukianza kupanga kwa rangi, kuna kitu." Tumeishi pamoja miaka ishirini na miwili. Sina pa kujificha.

Haya basi, niseme.

Nilimdanganya mteja, na nikamwacha anyeshewe.

Nianze mwanzo, maana siku moja nitayasoma haya nimezeeka na nitakuwa nimesahau maisha yangu yalikuwaje. Ninauza vitabu vya shule vilivyotumika. Duka langu ni sebule yetu hapa Bondeni, Nakuru, na mlango wa duka ni simu yangu. Ninanunua kwa familia ambazo watoto wao wamemaliza, ninafuta penseli, ninabandika migongo iliyoachana, ninapiga picha na kuweka kwenye ukurasa wangu. Mtu akikitaka ananiandikia. Ninakifunga kwa gazeti na karatasi ya nailoni, ninakipeleka ofisi ya parseli pale steji, kinapanda gari. Ninamtumia mteja namba ya gari, naye anakwenda kukichukua steji ya mji wake. Ndio mtindo wetu huku.

Wateja wangu ninawapenda, nisiseme uongo mwingine. Kwenye simu yangu hawana majina ya baba zao. Kuna Kamau Njoro Bio. Kuna Mwalimu Molo Seti Nzima. Kuna Mama Mapacha Gilgil, ambaye kila kitu ananunua viwili. Lakini subira, jamani, hawana. Asubuhi mtu anakuita "boss." Saa sita umekuwa "siste." Ikifika saa kumi na parseli haijafika, umekuwa "wewe mathe," na hapo ujue heshima inaning'inia kwa uzi.

Mzee mmoja wa Milimani, dakika kumi kutoka kwangu, alitaka nimtumie kitabu kwa pikipiki. Sawa. Akataka picha ya kitabu kikiwa juu ya pikipiki. Nikapiga, nikamtumia. Akajibu, "Mbona hiyo pikipiki imesimama?"

Wallahi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kwa watu kama hao nilijifunza maneno mawili ya kunipa nafasi ya kupumua: iko njiani. Hapa kwetu kila mtu anayasema. Fundi anayasema kabla hajanunua mbao. Twaha anasema "nimefika" akitafuta soksi. Mimi nimeyaandika miaka yote hii kitabu kikiwa bado kwenye rafu, mwenyewe nikiwa na kijiko cha uji mkononi, na sikuwahi kuhesabu kwamba ni uongo. Nilikuwa nakituma siku hiyo hiyo, au kesho yake mapema. Mtu anatulia, mimi ninamaliza shughuli zangu, kila mtu anapata chake. Niliona ni kama salamu tu.

Sasa, Betty.

Jumatano usiku mtu alitaka kitabu cha Hesabu, Kidato cha Tatu. Yuko Elburgon. Nikamhifadhi: Betty Elburgon Hesabu. Akalipa papo hapo bila kuomba kupunguziwa, na akaandika, "Naihitaji kesho tafadhali." Nikamjibu sawa. Akaandika tena, "Kesho kabisa madam." Sawa. "Isipite kesho."

Alhamisi, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, simu ikalia. "Madam umeamka?"

Nilikuwa nimeamka, nilikuwa najiandaa kuswali. Lakini kuna watu wanakuuliza swali la kweli na bado linakuchoma. Saa kumi na mbili: "Imetoka?" Saa moja kasoro: "Ni gari gani?" Saa moja: "Nitakuwa steji mapema." Saa mbili nilikuwa nimehesabu meseji nane. Nikajiambia, huyu ni mtoto wa shule. Mtoto wa shule aliyepoteza kitabu cha shule na anaogopa mwalimu, na sasa anamhamishia Mama Swabra presha yake. Nikashika simu, nikabonyeza kwa hasira.

Iko njiani.

Kisha nikaigeuza simu kifudifudi kama mtu aliyefunga mlango.

Kitabu kilikuwa kwenye rafu, hatua nne kutoka nilipokuwa. Ningeweza kukipeleka steji nikiwa ninatoka. Ni kweli, ningeweza. Lakini nilikuwa na safari ya Rongai kwa familia moja ya wakulima iliyokuwa na magunia mawili ya vitabu, na nilitaka kuwahi kabla mnunuzi mwingine hajawahi. Tena, nimwambie nani kama si wewe, kulikuwa na kale kasauti kadogo: na angoje kidogo, ajifunze. Nilipanga nirudi saa nane, nikiweke kwenye gari la saa nane na nusu. Uongo wangu ungekuwa umeishi saa sita tu, ufe bila mtu kujua.

Rongai hakuna mtu anayenunua vitabu na kuondoka. Yule mama mwenye nyumba alinikalisha jikoni, akaleta maziwa lala na ugali, akafungua gunia la kwanza, na kila kitabu kilikuja na mtoto wake. Hiki cha Jiografia ni cha kifunguamimba, sasa ni polisi. Hiki kilichoungua pembeni ni cha yule aliyekuwa akisoma na koroboi akisinzia. Ukimharakisha mtu kama huyo ni kama umemwambia watoto wake hawana maana. Nikasikiliza. Mvua ikaanza, barabara ya shamba ikawa matope matupu, na simu yangu ikazima chaji kabla ya adhuhuri. Sikujali sana. Nilikuwa nimeshiba na nina furaha, katikati ya vitabu na mama anayecheka.

Nilifika nyumbani baada ya Magharibi. Nikachomeka simu. Ikawaka, na ikaanza kutetemeka mezani haiachi.

"Madam sijapata namba ya gari."

"Nimefika steji."

"Ya saa nane imefika, hakuna."

"Ya saa tisa pia hakuna. Hakuna shida, nangoja."

"Mvua imeanza lakini niko tu."

"Labda ni hii ya saa kumi na moja."

Na ya mwisho, saa kumi na mbili na nusu: "Samahani kwa usumbufu madam. Nimerudi nyumbani."

Angenitukana ningelala vizuri. Wale wa matusi ninawajua, ninawajibu, kesho tunapatana na wananunua tena. Lakini samahani? Kuniomba mimi samahani? Nikampigia, hakupokea. Nikampigia tena. Twaha akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akasoma zile meseji kimya kimya juu ya bega langu, kisha akageuka akaangalia kitabu pale kwenye rafu. Nikangoja anigombeze.

"Kesho kipeleke mwenyewe," akasema. Basi. Akaenda kuota moto.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Elburgon saa nne. Huko baridi yake ni nyingine, na harufu ya mbao mbichi inakupokea kabla hujashuka. Nilikuwa nimemwandikia kwamba ninakuja mwenyewe na kitabu, naye akajibu "sawa" peke yake. Nikasimama nje ya steji nikitafuta kwa macho msichana mwenye sare ya shule.

Akaja mwanamke wa makamo yangu. Kama arobaini hivi, buti za mpira, kitambaa cha kichwa kimejaa unga wa mbao, viganja vigumu kama vya fundi. Anafanya kazi kiwanda cha mbao, anapanga mbao kwenye malori. Alikuwa amejiibia nusu saa ya mapumziko. Na jana yake alikuwa ameomba ruhusa ya mchana mzima.

"Wewe ndiye Betty?"

"Ndio mimi, madam. Pole kwa safari."

Pole kwa safari! Mimi! Nikatamani ardhi ya Elburgon inimeze pale pale.

Tukakaa juu ya gogo karibu na vibanda, nikampa kitabu. Hakukifungua. Alikiweka mapajani akakifunika kwa mikono yote miwili, na akaanza kunieleza bila mimi kuuliza. Aliacha shule akiwa Kidato cha Tatu, mama yake alipougua na hakuna mwingine wa kumwuguza. Mwaka huu amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa sababu amesikia mfumo wetu wa zamani wa elimu unakunja jamvi, na ukishafungwa hajui ataanzia wapi. Bintiye anamsaidia Kiingereza. Hesabu hakuna wa kumsaidia, isipokuwa mwalimu mmoja anayepanga chumba kwenye ploti yao. Mwalimu huyo amehamishwa, anaondoka Jumapili. Alimwambia Betty: tafuta kitabu, nitakupa jioni tatu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Bila kitabu siwezi, sitakufundisha hewani.

Jioni tatu. Na moja nilikuwa nimemwibia nikila ugali Rongai.

"Sasa jana ulimwambia nini mwalimu?" nikamwuliza.

"Nilimwambia gari liliharibika Njoro."

Akasema hivyo bila kuniangalia. Alikuwa amenidanganyia. Mtu ambaye hajawahi kuniona uso alikuwa amebeba uongo wangu akauongezea wake, ili mwalimu asidhani kwamba yeye Betty hana bidii, na labda pia asidhani kwamba mimi ni tapeli. Sikuweza kunyamaza. Nikamshika mkono.

"Betty, hakuna gari lililoharibika. Hicho kitabu hakikutoka jana. Kilikuwa kwangu sebuleni. Nilikudanganya."

Lori la mbao likapita, tukangoja limalize kelele zake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Saa tisa karani wa parseli pale steji aliangalia orodha. Akaniambia hakuna parseli ya jina langu imeandikwa Nakuru leo."

"Mbona basi hukuniambia? Mbona hukunigombeza?"

"Ningekuambia unanidanganya, ungekasirika uniblok. Na wewe ndiye ulikuwa na kitabu." Kisha akatabasamu kidogo, kwa huruma, kama anayemfariji mtoto. "Nikasema acha ningoje tu. Pengine utakiweka kwa gari la mwisho."

Shajara yangu, nimeyarudia maneno hayo tangu jana. Nikichota maji ninayasikia. Nimekuwa nikiwacheka watu hawa miaka yote, na maswali yao ya kila robo saa, picha ya pikipiki na kila kitu. Sikuwahi kufikiria kwamba upande ule wa simu kuna mtu ambaye ameshalipa, hana risiti ya maana, hanijui mimi ni nani, na kila akiniuliza anaogopa asije akaniudhi. Nilidhani wanaoogopwa ni wao. Kumbe mimi.

Niliona haya mpaka machozi yakanitoka, na sioni haya kuandika hivyo. Betty akashangaa, akaanza kunibembeleza. Ala! Yeye ndiye anibembeleze! Nikamwuliza kwa nini hakuniambia habari za mwalimu tangu Jumatano, ningekimbia usiku ule ule na kanga yangu. Akasema, "Nilifikiri hutaki hadithi. Nilifikiri unataka tu mteja asiye na maneno mengi."

Asiye na maneno mengi. Meseji nane kabla ya saa mbili! Tukacheka sote wawili, yeye zaidi yangu, akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa na unga wa mbao ukambaki usoni.

Ndipo akafungua kitabu. Akakuta ukurasa ambao sikuwa nimeufuta, penseli ya mtoto fulani imejaa pembeni. Nikatoa kifutio mkobani (mimi hutembea nacho) lakini akakivuta kitabu kifuani. "Acha madam. Huyu alikuwa akijieleza mwenyewe. Labda atanieleza na mimi." Kisha king'ora cha kiwanda kikalia, akasimama, akakimbilia kibanda cha jirani akarudi na mfuko wa viazi. Nikakataa. Akaniangalia vibaya kwa mara ya kwanza. Nikapokea viazi.

Leo basi nimejiwekea sheria, na nimeiandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni nikaibandika juu ya meza ya kufungia vitabu: KAMA KIKO KWENYE RAFU, SEMA KIKO KWENYE RAFU. Twaha ameisoma akasema hata yeye ataacha kusema amefika akiwa nyumbani. Simwamini, lakini nimeshukuru.

Nimeanza leo leo. Wateja watano wameuliza na watano nimewaambia ukweli: bado, nitakituma Jumatatu asubuhi, nikishakifikisha steji nitakupa namba ya gari. Mmoja amenuna. Mmoja ameandika "asante kwa kusema." Mwalimu Molo Seti Nzima ameomba picha ya rafu. Na nimeongeza jambo moja ambalo sikuwahi kulifanya. Ninawauliza, unakihitaji kwa ajili ya nini? Jamani, watu wana mambo! Kamau wa Njoro, ambaye nilimdhania mwanafunzi, ni babu anayetaka kujua kilichomuua ng'ombe wake. Anasoma Biolojia peke yake, sura baada ya sura.

Jana usiku Betty alinitumia picha. Daftari la mistari, hesabu tano, kalamu nyekundu ya mwalimu. Tatu amepata, mbili amekosa, na kando ya moja ya zile alizokosa mwalimu ameandika "karibu sana." Nimemwonyesha Twaha. Nimemwonyesha jirani. Nimemtumia binti yangu Swabra huko chuoni, akaniuliza, "Mama, huyu ni nani?" Nikashindwa kumjibu kwa kifupi.

Leo ndiyo jioni ya mwisho. Mwalimu keshafunga mizigo, kesho gari linamfuata alfajiri. Walikubaliana waanze saa kumi na mbili. Betty aliniambia usiku huu ni wa hesabu za logi, na logi ndizo zilizokuwa zikimtoa jasho tangu akiwa msichana.

Saa kumi na mbili na dakika tano nilimwandikia, "Mmeanza?"

Saa kumi na mbili na robo: "Mko ukurasa gani?"

Nusu saa baadaye: "Logi zinaingia?"

Amesoma zote. Tiki za buluu hizi hapa, ninaziona. Hajajibu hata neno. Twaha ameninyang'anya simu akaiweka juu ya kabati, akaenda msikitini, nami nimevuta kiti nikaishusha. Sasa ni saa mbili kasoro robo. Labda mwalimu ameshamaliza. Labda wamekwama na anaona aibu kuniambia. Labda simu imezima, huko umeme nao hautabiriki.

Hivi nikimwuliza mara moja tu, ya mwisho, nitakuwa nimezidi?